Namna ya kuingiza mradi wa kijiji kwenye bajeti ya halmashauri, na kuufuata hadi mfuko wa mwisho wa saruji

Kila mwaka mwezi Juni, bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma, vijiweni watu huanza kuulizana: "Sisi zahanati yetu imo?" Swali ni la haki, ila limechelewa kwa miezi minane. Kilichoamua kama zahanati yenu imo au haimo ni karatasi iliyotoka, au haikutoka, kijijini kwenu kati ya Septemba na Novemba mwaka uliopita.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule ya kijiji. Tulisimamisha boma la madarasa mawili kwa nguvu zetu hadi usawa wa renta, yaani juu ya milango na madirisha, tukasubiri Serikali ipaue. Mvua ziliponyesha mara sita bila bati hata moja kufika, ndipo tulipoelewa kwamba halmashauri haikuwa na kumbukumbu yoyote ya boma lile. Hakuna mkutano mkuu ulioandika. Watoto walisoma chini ya mwembe kwa kukosa muhtasari wa kurasa mbili. Ninaandika haya ili kijiji kingine kisipite njia hiyo.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, hasa halmashauri za wilaya. Walio mijini wafuate njia hiyo hiyo kupitia mtaa wao, wakikumbuka tofauti moja: halmashauri ya kijiji ni chombo chenye utu kisheria na kinaweza kumiliki mali, wakati mtaa ni kitengo tu ndani ya mamlaka ya mji.

Kabla ya yote: jua fedha unayoitaka inakaa wapi

Vijiji vingi hupoteza mwaka mzima kwa kupeleka ombi sahihi mahali pasipo pake. Barabara za vijijini na mijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zilihamia TARURA, wakala wa barabara hizo, mwaka 2017. Maji vijijini yalikwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019, baada ya Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo. Kwa hiyo mkiandika "kalavati" au "kisima kirefu" kwenye maombi ya halmashauri, ofisa mipango atayaweka pembeni. Maombi hayo yaandikeni bado, kwa sababu diwani atayahitaji, lakini nakala ipelekwe kwa meneja wa TARURA au wa RUWASA wa wilaya. Wao wana bajeti yao.

Yanayobaki kwa halmashauri yenyewe ni shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, nyumba za walimu na waganga, masoko, machinjio, minada, ofisi za vijiji na kata. Fedha zake hutoka sehemu kadhaa. Kuna ruzuku ya Serikali Kuu na miradi ya wafadhili, ambayo mara nyingi huja na masharti ya kitu cha kujenga na mahali pa kujenga. Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge; si fedha nyingi, lakini hufaa sana kumalizia kilichoanzwa. Na kuna mapato ya ndani: ushuru wa mazao, leseni, kodi za vibanda, ada za minada. Sauti ya mwananchi ina nguvu zaidi kwenye haya ya mwisho, maana mgawanyo wake huamuliwa na madiwani mnaowafahamu kwa sura.

Kalenda: bandika ukutani

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Maandalizi ya mwaka ujao huanza mapema sana ndani ya mwaka unaoendelea.

Agosti hadi Oktoba ni muda wa vitongoji na kijiji. Oktoba na Novemba ni wa kata. Karibu na mwisho wa mwaka Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na halmashauri hupewa ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho haiwezi kukivuka hata mahitaji yawe mengi kiasi gani. Januari na Februari wakuu wa idara huingiza mipango kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, menejimenti hukaa, kamati za madiwani hukaa, kisha Baraza la Madiwani hupitisha. Baada ya hapo rasimu hupita mkoani, huchambuliwa, na hatimaye bajeti ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, husomwa bungeni mwezi Aprili.

Tarehe husogea kidogo kila mwaka kufuatana na mwongozo. Jambo lisilosogea ni hili: mradi usiokuwa ndani ya PlanRep kufikia Februari, kuupenyeza baadaye ni kazi ngumu mno.

Mkutano mkuu wa kijiji

Hapa ndipo penye nguvu yote, na ndipo wengi wetu tunapozembea.

Mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa kuanzia miaka 18, na unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mkao wa Septemba ndio wa kuukazania. Kama mwenyekiti haitishi, wazee na viongozi wa vitongoji wamwendee mapema na kumkumbusha. Asiposikia, mwandikieni mtendaji wa kata. Msisubiri hadi Desemba mje kulalamika.

Anzeni vitongojini. Kila kitongoji kilete mambo yasiyozidi matatu. Halmashauri ya kijiji, kupitia kamati yake ya fedha, uchumi na mipango, iyapange, kisha mkutano mkuu uamue. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yaani njia ya kupanga mipango kwa kuwashirikisha wananchi, ambayo wengi wanaiita O&OD, zamani ulizaa orodha ndefu ya kila kitu ambacho kijiji kinakitamani. Ulioboreshwa unaanzia pengine: jamii inaweza kufanya nini yenyewe kwanza? Kijiji kilichokwisha kuchimba msingi husikilizwa kabla ya kile kilichoandika barua tu, na kwa maoni yangu hiyo ni haki, mradi vijiji maskini visiachwe kwa sababu ya umaskini wao.

Chagueni kipaumbele kimoja cha kwanza. Najua inauma. Kitongoji cha mbali kinataka zahanati, cha karibu na barabara kinataka darasa, na mwenyekiti anaogopa kuwaudhi wote, hivyo anaandika vyote "kipaumbele namba moja". Mwenye kupanga halmashaurini akipokea karatasi yenye "namba moja" tano, atachagua yeye. Gombaneni ninyi kwa ninyi mkutanoni, mpige kura, mtoke na kitu kimoja.

Muhtasari wa mkutano ndio silaha. Uwe na tarehe, idadi ya waliohudhuria pamoja na orodha yao na sahihi, uamuzi wenyewe kwa maneno yaliyo wazi, na mambo haya kuhusu mradi: uko kitongoji gani, eneo lina ukubwa gani na lilitolewa na nani, watanufaika wangapi, sasa wanatembea umbali gani, wananchi wamechangia nini, na kinachoombwa ni nini hasa. "Tunaomba kusaidiwa shule" halimsaidii mtu. "Tunaomba kupauliwa, kupigwa plasta na kuwekewa sakafu madarasa mawili yaliyofika renta" lina bei, na kitu chenye bei huingia kwenye bajeti.

Nguvu za wananchi ziandikwe kwa thamani. Tripu ngapi za mchanga, ngapi za mawe, kwa bei ya hapo kijijini, siku za kazi za kuchimba msingi, tofali zilizofyatuliwa. Tunazoea kudharau jasho letu kwa sababu halikutoka mfukoni, kumbe likijumlishwa hufika mamilioni. Fedha taslimu ikichangwa, kila mchangaji apewe stakabadhi, na jumla isomwe mkutano unaofuata.

Kisha, kabla hamjanyanyua jembe, nendeni kwa mtaalamu. Kwa zahanati ni mganga mkuu wa wilaya, kwa shule ni ofisa elimu, kwa yote ni mhandisi wa halmashauri. Ombeni ramani inayotumika sasa. Yapo maboma yaliyokataliwa kupauliwa kwa sababu vyumba vilikuwa vidogo au msingi haukufuata ramani, na kumwambia mama aliyebeba maji ya ujenzi kichwani kwamba boma libomolewe ni jambo ambalo sitaki kuliona tena. Zahanati ina suala jingine pia: majengo yakiisha, mtumishi na dawa vitatoka wapi? Ulizeni siku hiyo hiyo.

Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Hapa vijiji vinashindana, hivyo mwenyekiti wenu asiende peke yake mikono mitupu. Apewe nakala tatu za muhtasari, picha za boma, na makadirio ya mhandisi. Akirudi, awaeleze mmekuwa wa ngapi katika kata, na kwa sababu gani.

Mkishindwa mwaka huu, kubalianeni na kijiji jirani kwamba wao wakipata sasa, ninyi mwakani. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kata, maana diwani anaweza kubadilika.

Halmashauri: hesabu ambayo kila mpiga kura aijue

Mapato ya ndani yana sehemu mbili. Yapo mapato lindwa, kama michango ya matibabu inayorudi kwenye kituo kilichoikusanya, na hayo hayagawanywi. Yanayobaki, yasiyolindwa, ndiyo yenye masharti. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inataka asilimia 10 iwe mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea katika mwaka wa fedha 2024/25. Pia miongozo ya bajeti imekuwa ikitaka sehemu maalumu ya mapato hayo iende kwenye miradi ya maendeleo: asilimia 40 kwa halmashauri zenye makusanyo madogo, 60 au zaidi kwa zenye makusanyo makubwa. Angalia mwongozo wa mwaka wako ujue yenu iko kundi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri yenye kata 20 inatarajia shilingi bilioni 3 zisizolindwa. Asilimia 40 ni bilioni 1.2. Ikiwa ile asilimia 10 ya mikopo imehesabiwa humo humo, toa milioni 300, zinabaki milioni 900. Gawa kwa kata 20: milioni 45 kila kata kwa mwaka. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Kwa hiyo kata nzima, yenye vijiji vinne au vitano, ina fedha ya ndani ya madarasa mawili tu. Ukiijua hesabu hii hutamtukana diwani kwa kukosa madarasa sita. Lakini utamwuliza kwa uso mkavu kama hata yale mawili hayakuonekana.

Ndiyo sababu maboma yana nafasi nzuri. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikipeleka takribani milioni 12.5 kumalizia boma la darasa na milioni 50 kumalizia boma la zahanati. Fedha ile ile inafika mbali zaidi pale wananchi walipoanza.

Januari, diwani awe ameshika karatasi yenu kabla kamati hazijakaa. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Mwananchi hana nafasi ya kuchangia hoja, lakini anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tumeni watu wawili wakae nyuma na daftari. Muulizeni ofisa mipango mambo manne: mradi wetu umo? Kwa kiasi gani? Kwa chanzo gani cha fedha? Kwa jina gani? Jina lina uzito. Mradi ukiandikwa "ukamilishaji wa madarasa katika kata mbalimbali" bado hamjapata kitu, na ukiandikwa kwa jina la shule yenu una mahali pa kusimamia.

Julai: imepitishwa, lakini fedha haijaja

Bajeti ni makadirio. Mradi wa ruzuku huanza pale fedha zinapoletwa, na wa mapato ya ndani hutegemea makusanyo. Halmashauri za Lindi na Mtwara zinazotegemea korosho hazina fedha ya maana kabla minada ya Oktoba kuanza. Ukitaka saruji Julai utaambiwa subiri, na pengine ni kweli. Ushuru wa mazao wenyewe ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, jambo lililomsaidia mkulima na kuibana halmashauri.

Fuatilieni kila robo mwaka, yaani baada ya Septemba, Desemba, Machi na Juni. Halmashauri hutoa taarifa za mapato na matumizi, na zinapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Zaidi ya yote angalieni mwezi Aprili. Kama fedha haijafika au imekaa bila kutumika, ombeni diwani aulize wazi barazani, na muhtasari wa mwaka ujao uandike mradi huo kama kiporo, ili usisahaulike tarehe 30 Juni ikipita.

Saiti

Miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa fosi akaunti: fedha huingia kwenye akaunti ya shule au kituo, na jamii husimamia ujenzi kwa kutumia mafundi wa hapo hapo, chini ya mhandisi wa halmashauri. Kwa kawaida huundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea. Msikubali mtu mmoja akae kwenye zote mbili hata kama ndiye mwaminifu kuliko wote kijijini, kwa sababu kosa likitokea yeye ndiye atakayeumia kwanza.

Tangu 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na sheria mpya ya ununuzi ya mwaka huo imeanza kutumika. Wanakamati wengi hawajawahi kuugusa. Ombeni ofisa ununuzi aje awafundishe kabla fedha haijaingia, kwani nimeona wiki nyingi zikiliwa na jambo hilo tu.

Kamati ya mapokezi iwe na daftari la stoo lililopigwa mistari: tarehe, kitu, idadi iliyoagizwa, idadi iliyofika, namba ya risiti, sahihi. Hesabuni mifuko ya saruji kabla lori halijaondoka. Pimeni nondo kwa futi au kipimo cha fundi. Ya milimita 10 kwa macho hufanana na ya 12. Someni maandishi kwenye bati: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na watu wengi hudhani ni kinyume chake. Kilichopungua kiandikwe hapo hapo mbele ya dereva, naye asaini.

Fundi alipwe kwa hatua baada ya mhandisi kukagua: msingi, ukuta, upauaji, umaliziaji. Akidai fedha yote mwanzoni kwa sababu "ana dharura", msaidieni kwa michango yenu binafsi ikibidi, lakini ya mradi isiguswe.

Bandikeni ubao saiti wenye jina la mradi, kiasi cha fedha, chanzo chake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hata ubao wa triplei na chaki unatosha.

Pale milango inapofungwa

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Andika barua fupi kwa mkurugenzi wa halmashauri, taja mradi na mwaka wa fedha, omba mchanganuo wa mapokezi na matumizi. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni Aprili, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi. Ripoti ya mamlaka za serikali za mitaa hupatikana mtandaoni. Kijana mmoja mwenye simu aitafute, aandike jina la halmashauri yenu kwenye kisanduku cha kutafutia, asome kila aya inayotokea, kisha azisome kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa Juni.

Boma letu lilipauliwa hatimaye, mwaka mmoja baada ya muhtasari wake wa kwanza kufika kata. Nakala ya ule muhtasari ipo kwenye faili la shule, pamoja na daftari la stoo na risiti zote. Mwalimu mkuu akihama, jambo la kwanza ninalomwomba anayekuja ni kunionyesha kwamba faili lile bado lipo kabatini.